Swali la Kumi na Saba

Chumba kidogo Mlimani, feni inazunguka kwa kulalamika,
chai imepoa, hakuna aliyeigusa.
Daktari Nyamizi ana watoto thelathini na mmoja wa Vingunguti
aliowatundikia dripu tangu vuli ianze.
Mhandisi Lwitiko ana kihisi kidogo, saizi ya kibiriti;
alikitumbukiza visimani, kikamtumia namba mbaya usiku kucha.
Ndeonasia wa sosholojia ana kaya mia nne na kumi na mbili,
na kaya zake zinasema: salama.

Maji yenu ni salama?
Salama.
Asilimia tisini na tatu, salama.

Wakatazamana kama mashemeji wenye kesi ya kiwanja.
"Basi watoto wangu wanaharishwa na hewa?"
"Kihisi hakina sababu ya kusema uongo."
"Na watu mia nne wanayo?"

Mimi nilikuwa karibu na mlango.
Mtafsiri. Nalipwa kwa ukurasa,
jina langu huja kwenye shukrani, baada ya dereva.
Swali la kumi na saba nililifasiri mimi,
dakika moja, labda mbili, huku natafuna karanga.

Kesho yake nikaomba nafasi kwenye gari.

Vingunguti asubuhi, harufu ya machinjio.
Mbuzi kafungwa kwenye nguzo ya umeme, hajui anasubiri nini.
Bi Mwanaidi Pazi kamkalia mbuzi mwingine, wa mti,
anakuna nazi. Nyuma yake madumu ya njano,
kila moja na alama: utepe, herufi, tundu la sigara.

Nikasoma vilevile nilivyoandika:
"Je, maji unayotumia ni salama?"
Hakuinua uso.
"Salama tu, mwanangu. Za huko utokako?"

Hapo ndipo nikalisikia neno langu.
Nani kaulizwa salama na mgeni, mlangoni,
akajibu si salama, kigoda hajakitoa?
Aliyefiwa jana husema salama.
Mama yangu, kitandani Mwananyamala, mrija puani,
alisema salama,
kisha ndiyo akaomba bakuli la kutapikia.

Tuliuliza habari ya maji.
Wao waliitikia salamu.

Nikaketi kwenye ukingo wa msingi.
"Bi Mwanaidi, haya ya dumu la utepe mwekundu,
ungemkorogea mjukuu maziwa bila kuyachemsha?"

Mkono ukasimama juu ya kifuu.
"Wewe! Hayo?
Hayo ya kufulia. Tangu shimo la Kibwana lijae
yananuka yai viza.
Na mkaa nao, kopo moja tu, uchague:
uchemshe maji au uchemshe maharage."

Akaendelea, nusu saa nzima.
Kutoka chooni hadi kisimani ni hatua tisa,
alizihesabu kwa kandambili.
Alianza Shabani wa chumba cha nne, kisha wale pacha,
kisha binti anayeuza barafu, na barafu zake.
Na Kibwana haambiwi, kwa sababu Kibwana ndiye mwenye nyumba,
na kodi ya miezi miwili haijalipwa.
Mhandisi, daktari na yule wa sosholojia,
wote ndani ya kanga moja,
na nazi bado haijaisha.

Fedha za mradi zilikuwa zimekwisha.
Ndeonasia akarudia kaya sitini kwa mshahara wake,
Lwitiko akishika mwavuli,
Nyamizi akija Jumamosi na viatu vya wodini.
Salama ikashuka hadi kumi na moja kwa mia.
Hakuna aliyeshangilia.

Lakini siku ile ya kwanza, nikiaga,
Bi Mwanaidi alikung'uta machicha, akaniuliza yeye:
"Mkishajua, shimo mnakuja kulivuta lini?"

Swali hilo halikuwa na namba.
Kishikwambi hakina pembezoni pa kuandikia.
Nikaliandika kiganjani, kwa kalamu ya wino,
na jioni, nilipofika bombani kunawa,
nikasita.